Vidonge vya Kunenepa na Mifupa ya Vijana

Mazungumzo kuhusu afya ya mifupa huelekezwa kwa wazee, hali mifupa hujengwa utotoni na ujanani. Sehemu kubwa ya uimara wake hupatikana kabla ya miaka 20. Kinachobaki huongezwa polepole hadi karibu na miaka 30, kisha mwili huanza kuitumia akiba hiyo. Anayeipunguza mapema huingia uzeeni na nyonga inayoweza kuvunjika kwa kujikwaa tu.

Sigara, pombe na kukaa kitini kutwa hulaumiwa kila mara, na kwa haki. Lakini ipo tabia isiyotajwa vya kutosha: matumizi ya steroidi kwa ajili ya urembo. Deksamethasoni na prednisoloni, dawa zenye heshima yake katika pumu na baridi yabisi, humezwa na baadhi ya vijana, wasichana hasa, ili wanenepe. Krimu zenye klobetasoli nazo huchanganywa katika mkorogo na kupakwa mwili mzima, zikapenya ngozi hadi kwenye damu.

Steroidi hudhoofisha chembe zinazojenga mfupa, hupunguza kalsiamu inayofyonzwa utumboni na kuongeza inayopotea kwa mkojo. Upotevu huwa wa kasi zaidi miezi ya mwanzo. Kitabibu, hata miligramu 2.5 za prednisoloni kwa siku, zikitumiwa miezi mitatu, zatosha kumtia mgonjwa katika orodha ya wanaohitaji kuangaliwa mifupa. Kidonge kimoja cha kawaida kina miligramu 5. Na unene wenyewe ni wa mafuta na maji. Misuli ya mapaja, ambayo ndiyo huupa mfupa kazi na uimara, hukonda.

Kuwalaumu wasichana peke yao si haki. Jamii ndiyo iliyowafundisha kuwa kunenepa ni kunawiri, na wapo wauzaji wanaotoa dawa hizi bila cheti, mithili ya pipi. Daktari anayeuliza habari za sigara na maziwa hana budi kuuliza pia habari za vidonge na krimu, bila kejeli, maana anayeaibishwa huficha.

Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, jua la asubuhi na kuruka kamba huijenga mifupa kwa gharama ndogo. Aliyekwisha kutumia vidonge hivi kwa wiki kadhaa asiviache ghafla, kwani tezi zilizo juu ya figo huwa zimelala na shinikizo la damu laweza kuporomoka. Aende hospitali apunguziwe dozi hatua kwa hatua.