Mtoto wa Chuo na Neno "Vumilia"

Kila mwaka vyuo vikuu vifunguliwapo, mimi hupenda kupita Mwembe Tayari jioni nikatazama mabasi ya bara yakipakia. Akina mama huwa wamekuja kuwaaga wana wao. Utaona visheti vimefungwa vizuri, chupa ya achari, msala mpya, na blanketi zito la baridi ya Eldoret. Kisha dua, na baada ya dua neno ambalo sote tumelirithi: "Mwanangu, kavumilie."

Neno hili ni zuri, lakini mwaka 2023 lilitugharimu nyumbani kwetu. Mpwa wangu alikuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha bara. Ulipoingia mwezi wa Ramadhani, jiko la chuo lilikuwa likifungwa mapema, naye hakuwa na mahali pa kupata daku. Akawa afunga kwa mkate na maji. Wiki ya mitihani ikamkuta na homa, akakosa karatasi mbili. Hakumwambia mtu. Kila tulipompigia simu alijibu, "Alhamdulillahi, nyinyi hamjambo?" nasi tukaridhika. Tulikuja kujua alipotakiwa kurudia mwaka.

Lililoniuma zaidi ni kwamba msaada ulikuwa hatua chache tu kutoka chumbani mwake. Mwanafunzi augeuaye wakati wa mitihani, akipeleka cheti cha daktari mapema, huweza kuomba mtihani maalumu. Mwenye shida kubwa huweza kuomba kuahirisha masomo. Hata jambo la daku, chama cha wanafunzi Waislamu kingeweza kulifikisha kwa mlezi wa wanafunzi. Nilipomwuliza mbona hakwenda, alinijibu: "Mjomba, nilichelea kuwaaibisha."

Aibu hiyo hakuipata chuoni. Tumempa sisi. Tumewalea watoto wajue kwamba siri ya nyumba haitoki nje, na hayo ni malezi mema. Ila wahenga hao hao ndio waliosema mficha uchi hazai.

Nadhani pia wengi wetu tungali tunakifikiria chuo kwa macho ya wazee wetu, waliosoma katika ile taasisi ya elimu ya Kiislamu ya Mombasa, MIOME, miaka ya 1950. Pale mwalimu huenda alimjua babako, na msikiti ulikuwa karibu. Mahali pale pamekuwa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa tangu 2013, na wanafunzi ni maelfu. Katika umati kama huo, asiyebisha mlango hajulikani kama ana shida.

Kuna mlango mmoja ambao jamaa zetu huuogopa kuliko yote, nao ni wa mshauri. Kijana akinyamaza na kukosa usingizi, sisi mbio kwa mwalimu kutafuta kombe, na anayetaja mshauri huambiwa, "Kwani mtoto ana wazimu?" Sisemi kombe liachwe. Nasema kisomo na mshauri havigombani. Na mshauri si mkuu wa nidhamu; kazi yake ni kusikiliza na kutunza siri.

Na karo? Wako wazazi wanaokataa mkopo wa serikali kwa kuhofia riba, nao wana hoja. Lakini ukikataa mkopo usimwache mtoto akae kimya. Mwambie aende akaulize kama chuo kina basari au kazi ndogo za malipo kwa wanafunzi.

Ruhusa hii lazima itoke kwetu, tena kwa kinywa. Mzazi ampelekaye mtoto siku ya kwanza asiishie bwenini. Amshike mkono mpaka ofisi ya mlezi wa wanafunzi, wamsalimu, waandike nambari ya simu.

Mpwa wangu alirudi chuoni. Dada yangu akimpigia simu bado huanza na yale yale, umekula, umesali. Siku hizi huongeza: "Na shida yako umemwambia nani huko?" Asipotajiwa jina la mtu, hakati simu.