Jina la Ubavuni Halikwamui Gari

Jumamosi moja ya Aprili, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, nilikuwa nikielekea mazishini upande wa Manga, Nyamira. Lami ilituacha njia panda, kilima kikaanza. Katikati ya kilima hicho palikuwa na pikapu mpya ya milango minne, namba yake ikianza na KD, ya wageni waliotoka Nairobi alfajiri. Magurudumu yote manne yalikuwa yakizunguka na gari halipandi, ila mkia wake ulikuwa ukiteleza pole pole kuelekea mtaroni. Vijana walikuwa wamekata majani ya napia kando ya shamba la mtu na kuyatandaza chini ya matairi. Wengine wakaleta majani makavu ya migomba. Gari likayasaga yote, likabaki pale pale.

Nilisogea karibu. Ubavuni mwa kila tairi palikuwa na jina la kampuni kwa herufi nene nyeupe zilizoinuka juu ya mpira, na ungeweza kulisoma ukiwa ng'ambo ya barabara. Ila meno ya tairi hukuyaona. Udongo mwekundu ulikuwa umejaa kila mfereji mpaka tairi zima likawa duara laini, limekandikwa kama ukuta wa nyumba. Jina linasomeka, meno yamezikwa.

Mzee mmoja mwenye mwavuli akamwambia dereva, "Kijana wangu, hebu toa upepo kidogo." Dereva akajibu, kwa adabu kabisa, "Mzee, haya si matairi ya Probox. Haya ni orijino." Na umati ukamuunga mkono. Tairi la jina kama hilo haliwezi kukosa, walisema, pengine gia ndiyo mbaya, pengine dereva hajui milima. Wakati huo Probox moja ndogo iliyobeba waombolezaji ilitupita ukingoni, matairi ya upande mmoja yakiwa kwenye nyasi, ikapanda hadi juu.

Gari kukwama si habari hapa kwetu. Katika milima ya Gusii mvua hupita milimita 1,500 kwa mwaka, na udongo wetu wa mfinyanzi ukilowa hauna huruma kwa mtu. Kilichoniuma ni kwamba tairi lilishindwa mbele ya macho ya watu hamsini, na watu hamsini wakalitetea. Imani hiyo imeenea kutoka Suneka hadi Nyansiongo: kwamba jina lililochongwa ubavuni ndilo linaloshika barabara, na kwamba kiwanda cha magari kikifunga tairi la jina kubwa kwenye gari jipya la porini, basi kimekuhakikishia kuwa litapita popote. Imani hiyo si kweli, na inatugharimu pesa na maisha.

Tuanzie kiwandani. Mtengenezaji wa magari hachagui tairi akiwaza kilima cha Manga. Anawaza sauti ndani ya gari, ulaji wa mafuta, ulaini wa safari, na bei ya kununua matairi kwa maelfu kwa maelfu. Kampuni ya matairi nayo huridhika na faida ndogo pale kiwandani, kwa kuwa inajua mwenye gari, matairi yakiisha, atarudi dukani kutafuta jina lile lile alilolikuta. Siku hizi jina hilo limekuwa sehemu ya tangazo la gari lenyewe. Ford Ranger Raptor huuzwa ikitajwa pamoja na BFGoodrich, na Jeep Wrangler Rubicon imefanya hivyo kwa miaka. Matairi hayo ni mazuri kwa kazi yake, sibishi. Lakini kampuni iliyoanzisha jina BFGoodrich iliachana na biashara ya matairi miaka ya 1980, na tangu 1990 jina hilo ni mali ya Michelin. Firestone ilinunuliwa na Bridgestone mwaka 1988. Majina huuzwa na kununuliwa kama viwanja. Anayeapa kwa jina aamke kwanza ajue leo liko mikononi mwa nani.

Hata jina lisipobadilisha mmiliki, halikwambii tairi ni la nini. Chukua Dueler ya Bridgestone, ambayo utaikuta kwenye pikapu nyingi mpya. Kuna Dueler H/T, kuna A/T, kuna M/T. Jina ni moja, matairi ni matatu yasiyofanana. H/T ni ya barabara kuu, meno yake yamebanana ili isipige kelele kwenye lami. A/T ni ya huku na kule. M/T ndiyo ya matope, meno makubwa yaliyoachana ili udongo udondoke gurudumu linapozunguka. Herufi hizo mbili ndogo zina maana kuliko jina zima lililo juu yake. Pikapu nyingi zinazooneshwa kwenye matangazo zikirusha tope hutoka kiwandani zikiwa na H/T, na mnunuzi wa Kisii anayelipa mamilioni hupanda nayo Nyamache akiamini amevaa buti, kumbe amevaa viatu vya ofisini.

Kuna herufi nyingine zinazodanganya wengi: M+S. Maana yake ni matope na theluji, na muuzaji atakuonesha kwa kidole kama cheti. Alama hiyo huwekwa na mtengenezaji mwenyewe kwa kuangalia umbo la meno. Haihitaji tairi kupimwa kwenye tope lolote. Nimeiona kwenye matairi ambayo nisingeyapitisha kwenye uwanja wa shule uliolowa.

Upana nao. Magari mapya ya porini yanakuja na matairi mapana, milimita 265 na zaidi, kwa sababu yanapendeza machoni. Sasa tazama Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ile inayounganishwa Mombasa na ambayo polisi na mashirika ya misaada wameitegemea miaka nenda miaka rudi. Kwa muda mrefu imetembea kwenye tairi jembamba la 7.50R16 na rimu ya chuma isiyo na urembo wowote. Milimani kwetu tope mara nyingi ni tabaka la juu tu, chini yake pana ardhi ngumu. Tairi jembamba hukata tabaka hilo na kufika penye ugumu. Tairi pana huelea juu yake kama sahani. Siku moja tembelea kituo cha majani chai jioni ya mvua upande wa Kebirigo au Sanganyi, uangalie dereva wa lori la kiwanda anavyofanya. Haulizi jina la tairi. Anatazama meno, anatazama mzigo ulivyokaa, na pakizidi anashuka na kufunga minyororo magurudumuni kwa mikono yake, maana majani yakilala njiani mkulima ndiye anayepoteza.

Mwenye kudhani kwamba ndoa ya gari kubwa na tairi kubwa haiwezi kuua, na akumbuke Marekani mwaka 2000. Agosti ya mwaka huo Firestone ilitangaza kurudishwa kwa matairi milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye Ford Explorer, gari lililouzwa kwa familia kwa ahadi ya kufika porini. Aina mojawapo iliitwa Wilderness AT, jina la nyika. Hayakufia nyikani. Yalibanduka ngozi kwenye barabara kuu, wakati wa joto, gari likiwa mbio, na gari likapinduka. Zaidi ya watu 200 walikufa katika ajali zilizohusishwa nayo. Wilderness AT zilizorudishwa awali zilikuwa zimetoka kiwanda kimoja cha Decatur, jimbo la Illinois, ilhali jina lile lile lilikuwa likitoka viwanda vingine pia. Na kampuni mbili zilizofanya kazi pamoja kwa karibu karne nzima zikaanza kunyoosheana vidole juu ya upepo: Ford ilikuwa imependekeza psi 26, Firestone ikasema ingekuwa 30. Mei 2001 uhusiano ukavunjika.

Naliweka jambo hili la upepo mbele yenu kwa sababu linatuhusu sana. Mzee mwenye mwavuli alisema kweli. Mwishowe, baada ya saa nzima, dereva alikubali kutoa upepo, tairi likatanuka chini, likashika, na pikapu ikapanda. Nilimfuata juu nikamwomba ajaze tena kabla ya kurudi kwenye lami. Upepo mdogo unaokuokoa kwenye tope ndio unaokuua barabara ya Kisii kwenda Nairobi, kwa sababu tairi linalojikunja-kunja kwa kasi hupata joto mpaka tabaka zake zinaachana. Hakuna jina linalozuia hilo. Kipima upepo kinauzwa bei ya chini mno ukilinganisha na tairi moja, na bado ni magari machache nimeyakuta nacho.

Kosa baya zaidi, hata hivyo, si la wenye magari mapya. Ni la sisi wengine, ambao imani hii imetushukia kutoka kwao. Kwa kuwa tairi la jina kubwa likiwa jipya hatuliwezi, tunalinunua likiwa mtumba. "Kuukuu la Mjapani ni afadhali kuliko jipya la Mchina." Sentensi hiyo nimeisikia Keroka, nimeisikia Ogembo, na mimi mwenyewe nimewahi kuisema.

Nilinunua manne ya namna hiyo kwa muuzaji wa kando ya barabara. Jina lilikuwa kubwa, meno yamesimama kama mapya, na nilimshukuru Mungu kwa bahati. Wiki ya tatu, nikishuka kutoka Kiabonyoru baada ya manyunyu tu, gari lilikataa kusimama. Nilikanyaga breki nikaona ukingo unakuja. Kilichonizuia ni rundo la mawe ya mtu aliyekuwa akijenga. Mke wangu alikuwa kando yangu na mtoto nyuma.

Fundi wa pancha wa Keroka, kijana asiyezidi miaka ishirini na mitano, alilivua tairi moja, akalilaza, akachukua kipande cha chaki. "Mzee, soma hapa." Kwenye ubavu wa ndani, ule unaotazama chini ya gari, palikuwa na kijiduara cha mviringo mrefu chenye namba nne: 3211. Alizipaka chaki zikaonekana. Wiki ya 32, mwaka 2011. Kisha akalikunja tairi kwa goti, na kati ya meno yale yaliyosimama vizuri zikafunguka nyufa nyembamba, nyingi, kama kisigino cha mtu wa shamba wakati wa kiangazi. Mpira ulikuwa umekauka. Akaubonyeza kwa ukucha, ukucha haukuacha alama. "Hili lilikufa zamani," akasema, "limebaki jina."

Tairi huzeeka hata likiwa limening'inizwa ukutani. Joto na hewa huugeuza mpira kuwa mgumu, na mpira mgumu hauwezi kuung'ata mwamba uliolowa. Michelin wenyewe, wenye jina kuliko wengi, wanashauri tairi likaguliwe kila mwaka likishatimiza miaka mitano ya kutumika, na lisipite miaka kumi tangu kutengenezwa hata kama meno yake yanaonekana mazima. Wenye jina hawaliamini jina lao kupita hapo. Sisi tunaliamini. Na angalieni kinyume chake: Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingia nchini likiwa limepita miaka minane tangu liandikishwe mara ya kwanza. Mnunuzi wetu anajua mwaka wa gari lake kama anavyojua mwaka wa kuzaliwa kwa mtoto wake. Mwaka wa tairi lililobeba gari hilo na mtoto huyo hajawahi kuutafuta.

Wapo watakaosema natetea matairi ya bei rahisi. Hapana. Kampuni kubwa hutumia fedha nyingi kwenye utafiti, na tairi lao jipya, la aina inayofaa, likiwa na upepo unaofaa, nitalichukua mbele ya lingine lolote. Yapo matairi mapya yasiyo na jina ambayo ni hatari. Lakini jina ni swali la mwisho, na sisi tumelifanya la kwanza na la pekee. Hata tairi letu la nyumbani linatufundisha. Yana ilitengenezwa Nairobi na Sameer hadi 2016, kiwanda kilipofungwa na wafanyakazi kurudishwa makwao. Jina halikufungwa. Likaendelea kuuzwa, matairi yakitengenezwa India na China. Nimewasikia watu wakilisifu kuwa tairi la Kenya, lililozoea barabara zetu, miaka baada ya mashine za Nairobi kunyamaza.

Nataka Shirika la Viwango, KEBS, lihakikishe kila muuzaji wa matairi, wa duka na wa kando ya barabara, anaonesha mwaka wa tairi upande wa mbele, kwa rangi inayosomeka kama zile herufi nyeupe. Nataka kaunti zetu mbili, Kisii na Nyamira, zinapoagiza magari ya hospitali na ya kilimo, ziandike kwenye zabuni aina ya meno na kiwango cha mzigo, si jina la kampuni. Na nataka kampuni zinazouza magari ya porini zimwambie mnunuzi wa Kisii kabla hajalipa kwamba matairi aliyopewa ni ya lami.

Mwezi uliopita nilirudi mjini Kisii kutafuta tairi moja la spea. Muuzaji aliyapanga yakiegemea ukuta, majina yote yakitazama barabara, yamesuguliwa kwa dawa nyeusi yakang'aa. Nilichuchumaa. Akaniuliza natafuta nini, nikamwambia natafuta namba nne. "Mzee, hilo ni la Mjapani," akasema. Nikamwomba aligeuze. Akaligeuza shingo upande. Nikatoa chaki mfukoni nikazipaka: 1413.

Nikamwomba anioneshe lingine.