Bunduki Haimjui Mwenye Nyumba

Hakuna sauti imtiayo baba wa nyumba hofu kama kishindo mlangoni usiku wa manane. Mbwa wabweka, watoto wageuka kitandani, na mama amgusa mumewe begani pasipo kusema neno. Ikiwa mume huyo ni askari, na ikiwa usiku huo amelala na silaha chumbani, mkono wake hutangulia kwenye bunduki kabla hajafumbua macho vizuri. Amefunzwa kuwa mwepesi. Lakini wepesi uokoao maisha vitani waweza kuua mtoto nyumbani, na ndiyo maana jambo hili lafaa kuzungumzwa mchana, familia yote ikiwa imekaa pamoja, kabla usiku huo haujafika.

Hakuna asemaye kwamba mtu akae kitako huku mkewe na wanawe wakidhuriwa. Wazee wa Kampala wangali wanawakumbuka kondo, yaani wale majambazi wenye silaha waliowatia watu hofu katika miaka ya 1960 na 1970. Na mwaka 1979, Serikali ya Idi Amin ilipoanguka, ghala la silaha la kambi ya Moroto liliporwa, bunduki zikaenea Karamoja, na wizi wa ng'ombe uliokuwa wa mikuki ukawa wa risasi. Hofu ya mwenye nyumba, basi, si ya kubuni. Linalotakiwa kuulizwa ni hili: silaha iliyomo chumbani yailinda nyumba kwa masharti gani?

Sheria yasemaje

Wapo askari wadhanio kwamba mtu akishavuka kizingiti cha nyumba ya mwenziwe usiku, damu yake ni halali. Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Adhabu ya Uganda yaeleza kwamba mtu aliyetumia nguvu kujilinda mwenyewe au kulinda mali yake atahukumiwa kwa kufuata kanuni za sheria ya mapokeo ya Uingereza. Kenya nayo imeandika vivyo hivyo. Tanzania imeandika masharti yake yenyewe, lakini shina ni lile lile: mtu aruhusiwa kutumia nguvu za kadiri, zile tu zinazohitajika kwa kujilinda.

Kwa lugha ya nyumbani, maana yake ni kwamba hatari iwe ipo wakati huo huo, na nguvu zitumikazo zilingane nayo. Mtu aliyeinua panga juu ya kichwa cha mtoto ni hatari iliyopo. Mtu akimbiaye na redio kwapani amekwisha kuipa nyumba kisogo, na redio haina thamani ya roho. Askari ampigaye risasi ya mgongo mwizi anayekimbia hajilindi tena. Ametoa hukumu na kuitekeleza, kazi ambazo hakuna aliyemkabidhi.

Kwa kuwa mahakama za Uganda hutazama kanuni za Uingereza katika jambo hili, kisa kimoja cha huko chafaa kujulikana. Mwezi Agosti 1999, katika jimbo la Norfolk, wezi wawili waliingia usiku katika nyumba ya mkulima aliyeitwa Tony Martin, aliyekaa peke yake shambani na aliyekwisha kuibiwa zamani. Alikuwa na bunduki ya marisau asiyokuwa na kibali nayo. Akafyatua. Mmoja alijeruhiwa, mwingine, kijana wa miaka 16, alipigwa mgongoni akafa. Mwaka 2000 baraza la mahakama lilikataa utetezi wake kwamba alikuwa akijilinda, likamtia hatiani kwa kosa la kuua kwa kukusudia. Mwaka uliofuata mahakama ya rufani ilipunguza kosa likawa la kuua bila kukusudia, kwa sababu ya hali ya akili yake, naye akaachiliwa mwaka 2003. Waingereza wengi walimhurumia, lakini huruma ya watu haikumzuia kwenda gerezani.

Mlango uliofungwa

Kisa cha pili ni cha Afrika yenyewe, nacho kinagusa jambo kubwa zaidi. Alfajiri ya tarehe 14 Februari 2013, mjini Pretoria, mkimbiaji mashuhuri Oscar Pistorius alipiga risasi 4 kupitia mlango wa choo cha nyumbani kwake uliokuwa umefungwa. Nyuma ya mlango huo alikuwamo Reeva Steenkamp, mchumba wake, naye akafa. Pistorius aliiambia mahakama kwamba alidhani ni mvamizi aliyeingia kwa dirisha la bafuni.

Mwaka 2014 jaji alimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Serikali ikakata rufani, na mwezi Desemba 2015 Mahakama Kuu ya Rufani ya Afrika Kusini ikabadili hukumu hiyo ikawa ya kuua kwa kukusudia. Sababu iliyotolewa yafaa kukumbukwa na kila mwenye silaha. Mahakama haikusema kwamba ni lazima alijua kuwa ni Reeva. Ilisema kwamba haidhuru aliyekuwamo alikuwa nani: mtu apigaye risasi 4 katika chumba kidogo namna ile, kupitia mlango, hana budi kutambua kwamba aliyemo aweza kufa, na mpigaji huyo aliendelea. Mwaka 2017 kifungo chake kilifanywa kuwa miaka 13 na miezi 5, na Januari 2024 akatolewa kwa masharti.

Mlango ule ndio fundisho. Mvamizi na mchumba, wakiwa nyuma ya mbao, ni kitu kimoja. Bunduki haiulizi jina, haimjui mwenye nyumba wala mgeni wala mwizi. Humjua yule tu aliyesimama mbele ya mtutu. Kazi ya kujua ni ya mtu aliyeishika.

Na yachukuliwe haya kwa mfano. Kijana wa sekondari amekwenda kutazama mpira kwa jirani, naye amechelewa kurudi. Aogopa kumwamsha baba yake mkali, kwa hiyo azunguka nyuma na kujaribu kufungua dirisha la jikoni polepole. Kila afanyalo lafanana na kazi ya mwizi: mwendo wa kunyata, mkono dirishani, ukimya. Baba asikia. Kati ya wawili hao pana ukuta, giza, na hofu ya kila mmoja kwa mwenziwe. Kinachoweza kuwaokoa ni neno moja: "Nani?"

Risasi haikomi ukutani

Jambo la tatu ni kuhusu risasi yenyewe. Risasi ya SMG huondoka mtutuni kwa mwendo wa mita 700 hivi kwa sekunde. Kwake, mlango wa mbao si kitu, na ukuta wa udongo na fito hauizuii. Wale waliolelewa katika kambi za polisi za Uganda wavijua vile vibanda vya mabati ambavyo watu walivipa jina la "mama ingia pole", kwa kuwa mlango wake ni mfupi na mtu huinama kuingia. Bati likitobolewa upande mmoja, hutobolewa na upande wa pili, na kibanda cha pili huwa hatua chache tu. Afyatuaye huko amlenga mwizi mmoja, lakini risasi yake yaelekea kwenye vitanda vya majirani zake, watu ambao asubuhi yake angepanga nao gwaride.

Risasi ya kuonya nayo si mchezo. Iliyopigwa hewani hurudi chini, na ikirudi bado ina nguvu ya kumtoboa mtu fuvu. Mjini, hakuna mahali patupu pa kuangukia.

Silaha nyumbani

Silaha ya askari ni mali ya Serikali, aliyopewa kwa kazi, na mahali pake baada ya kazi ni ghalani. Raia naye haruhusiwi kuwa na bunduki bila cheti. Uganda ina sheria ya silaha tangu mwaka 1970. Ikiwa kwa amri au kwa kibali silaha hiyo italala nyumbani, na ilale tupu: risasi zote zitolewe, na moja isisahauliwe ndani, bunduki ifungwe kwa kufuli mahali pamoja, risasi zifungwe mahali pengine, na ufunguo uwe kwa mtu mmoja. Chini ya godoro si mahali pa kufungia kitu. Mtoto wa miaka 4 hufika chini ya godoro kabla ya jambazi yeyote.

Yafaa pia kusemwa wazi kwamba hatari ya bunduki nyumbani aghalabu haitoki nje. Utafiti wa Arthur Kellermann na wenziwe, uliochapishwa Marekani mwaka 1993 katika jarida la waganga, ulilinganisha nyumba zilizotokea mauaji na nyumba nyingine za jirani. Waliona kwamba kuwa na bunduki kulikwenda pamoja na hatari ya kuuawa humo nyumbani iliyokuwa karibu mara 3, na kwamba wengi wa waliouawa waliuawa na jamaa au mtu waliyemjua. Wapo waliobisha kwamba ulinganisho wa namna hiyo hauthibitishi kwamba bunduki ndiyo iliyoleta hatari. Hata hivyo, kila askari aliyekaa kambini ajua pombe, wivu na deni vikikutana na silaha isiyofungwa hufanya nini. Mke ana haki ya kumwambia mumewe kwamba siku ya ugomvi, au siku ya kunywa, ufunguo usiwe mfukoni mwake. Askari mwema hataona aibu kuusikiliza ushauri huo.

Hodi ya usiku

Basi, nyumba yalindwaje? Kwanza, mlango. Komeo imara kwa ndani, nondo madirishani, taa ya nje na mbwa aliyeshiba huwafukuza wezi wengi pasipo mtu kuamka, maana mwizi hupenda nyumba nyepesi. Lakini nondo zisiwe gereza: liwepo dirisha moja lifunguliwalo kwa ndani, moto ukitokea.

Pili, mpango wa familia. Watoto wafundishwe chumba cha kukimbilia, na mama ajue nani amwite. Mlango wa chumba hicho ufungwe, simu ipigwe kwa 999 au 112, na mwenye nyumba akae kati ya mlango na watoto, asitoke kwenda kumwinda mtu gizani. Huyo avunjaye akiuvunja na mlango huo wa mwisho baada ya kuonywa kwa sauti, hapo hatari imejitambulisha yenyewe, na mlinzi ajua amtazama nani.

Tatu, majirani. Baganda wana desturi ya kupiga enduulu, ukemi wa hatari ambao jirani akiusikia hana ruhusa ya kugeukia ukutani na kulala. Mfumo wa nyumba kumi, unaojulikana Tanzania tangu miaka ya 1960, ulifika Uganda baada ya vita vya 1979, na Kenya ikauanzisha mwaka 2013. Majina yamebadilika, lakini nia ni ile ile: jirani amjue jirani. Hili ni muhimu zaidi kwa wake wa askari. Tangu Machi 2007, majeshi ya Uganda yalipoanza kwenda Somalia, nyumba nyingi zimekaa miezi na miezi bila baba, na nyingine bila mama. Nyumba hizo zililindwa na komeo, na sauti, na majirani waliokuja mbio.

Nne, na ndilo la mwisho, ni hodi. Mswahili haingii nyumbani kwa mtu pasipo kubisha hodi. Hiyo ni adabu ya mchana. Kila nyumba yenye silaha yafaa iwe na hodi yake ya usiku. Mtoto achelewaye, mume arudiye zamu saa tisa, shemeji afikaye kwa basi la usiku, wote na waite jina lao kwa sauti kabla ya kugusa mlango. Na aliye ndani, awe na bunduki au rungu, na aulize kabla ya kuinua mkono: "Nani?" Akijibiwa na mwizi kwa kukimbia, amekwisha kushinda. Akijibiwa na sauti ya mwanawe, ameshinda zaidi.

Kijana yule wa dirisha la jikoni hatasahau maneno ya baba yake usiku ule. Huenda yakawa makali, na huenda asubuhi yakafuatwa na adhabu ya kufyeka majani uani. Lakini asubuhi itakuwapo, na chai itamiminwa katika vikombe vyote.