KIBARUA HAWEZI KUPENDA KAZI ISIYOMPENDA



Mara nyingi twasikia mabwana wa kazi wakilalamika kwamba watu wao hawana bidii, na kwamba nyapara akigeuka tu, nao huketi. Sisi twawauliza swali moja: watu hao mliwaandika vipi?

Mtu aliyesimama langoni tangu alfajiri, akachaguliwa kwa kidole, pengine kwa sababu ya chai aliyomtilia nyapara mfukoni, amekwisha fundishwa kabla hajashika sururu. Amejua kwamba bidii yake ya jana haikumpa kazi ya leo. Amejua kwamba wa kupendezwa ni nyapara, si kazi. Ataitunzaje mashine ambayo kesho huenda asiione? Naye msimamizi atamfundisha ufundi gani mtu wa siku moja? Wasemao kibarua ni rahisi hawahesabu mzigo uliovunjika wala mtu aliyeumia.

Jambo hili si geni. Mwezi wa Januari 1947 wafanya kazi wapata 15,000 wa Mombasa waligoma siku kumi na mbili, wakiwamo watu wa bandarini. Katika miaka ya 1950 waajiri wa bandari wenyewe wakaanza kuwaandika wengi kwa mwezi, maana walitaka watu wanaojulikana na wanaoijua kazi. Basi hatudai jambo lisilowezekana.

Tena sheria iko. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kwamba kibarua akifanya kazi mfululizo siku ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, ahesabiwa kuwa mtu wa mshahara wa mwezi, naye astahili notisi ya siku 28. Akiendelea mpaka miezi miwili tangu aanze, astahili masharti sawa na mtu ambaye hakuanza kwa ukibarua. Siku ya mapumziko baada ya siku sita za kazi, na sikukuu za serikali, nazo zahesabiwa ndani ya siku hizo. Kwa hivyo usikubali kuambiwa kwamba Jumapili imekata hesabu yako.

Lakini haki isiyoandikwa hupotea. Kila kibarua na awe na daftari: aandike tarehe, kazi aliyofanya, jina la msimamizi na fedha alizopokea. Akiambiwa akae nyumbani siku chache ili mwezi usitimie, aandike na hilo, kisha ampelekee mwakilishi wa chama upesi. Nanyi mlioandikwa kwa mwezi, msimcheke kibarua. Siku atakapokubali mshahara mdogo kwa ajili ya njaa, mshahara wenu nao utavutwa chini.

Kwa mabwana wa kazi twasema hivi. Andikeni watu kwa orodha iliyo wazi, kwa zamu na kwa ujuzi, si kwa kidole cha nyapara. Mwambieni mtu kazi yake ni ipi na atalipwa nini. Anayefanya vizuri mpandisheni, na anayekosa msikilizeni kabla ya kumfukuza. Mkifanya hivyo hamtahitaji nyapara wa kupiga kelele.

Na kiongozi wa chama akionekana akiuza nafasi langoni, tuleteeni habari zake. Hatuwezi kumkemea nyapara huku mkono wetu u mfukoni mwa maskini yule yule.

Umoja ni nguvu.