Tumefunga chuo cha utingo

TUONGEE KIDOGO
Na Rehema Kilongola

Kila lori linapoanguka Kitonga au Inyala, sisi wa magazeti huwa na sentensi tayari mkononi. Dereva tunamtaja kwa jina na umri, kisha tunaongeza: "na utingo wake, ambaye jina lake halikufahamika mara moja." Halifahamiki mara moja, na mara nyingi halifahamiki hata baadaye, maana hakuna karatasi iliyoandikwa jina hilo. Hana mkataba. Hayumo kwenye orodha ya mishahara ya tajiri mwenye lori, wala mfuko wa hifadhi ya jamii haumjui. Dereva ndiye aliyemchukua, na dereva ndiye aliyekuwa akimlisha kutoka kwenye posho yake ya safari.

Siku hizi sentensi hiyo inaanza kuadimika, na si kwa heri. Utingo anaondolewa barabarani. Matajiri wengi wenye malori ya Zambia na Kongo sasa wanataka mtu mmoja tu ndani ya kichwa cha lori: dereva, pamoja na kamera na kifaa cha kumfuatilia. Wanasema ndiyo usasa. Kwa macho yangu, tumekifunga chuo cha udereva wa malori makubwa kilichotulelea madereva kwa zaidi ya nusu karne, tena tumekifunga bila kuambiana.

Nasema hivi kwa kuwa upande wa mama yangu ni ukoo wa madereva. Babu alianza njia ya Zambia mwaka 1966. Novemba ya mwaka uliotangulia Ian Smith alikuwa amejitangazia uhuru kule Rhodesia, na Zambia, iliyokuwa ikipitisha shaba na mafuta yake kusini, ikajikuta imekabwa koo. Mafuta yakaanza kupandishwa kutoka Dar es Salaam kwa mapipa juu ya malori, na shaba ikateremka kwa malori yaleyale. Barabara ilikuwa vumbi kiangazi, tope masika. Magazeti ya Kiingereza yakaiita njia ya jehanamu. Serikali za Tanzania na Zambia zikaunda kampuni ya pamoja, Zambia-Tanzania Road Services, kwa ubia na Waitaliano, na ndiyo maana wazee wa njia ile hawaachi kuzungumzia Fiat.

Mwaka 1968 bomba la TAZAMA likaanza kusukuma mafuta hadi Ndola, mapipa yakapungua. Lami ikafuata. Kisha mwaka 1976 ikakabidhiwa reli ya TAZARA, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, na watu wakasema biashara ya malori imekwisha. Haikwisha. Reli haikuwahi kuubeba mzigo wote iliotarajiwa kuubeba, na malori yakaendelea kupita kando yake. Leo wanasema hayohayo kuhusu reli ya kisasa, na mjomba wangu akisikia huguna tu.

Mjomba wangu huyo alipanda lori la baba yake katikati ya miaka ya 1970, ndevu hazijaota. Kazi ya kwanza ya utingo ilikuwa jiwe. Lori linapanda Kitonga limejaa, injini inazidiwa, dereva anapiga kelele, na utingo anatakiwa awe ameshafika chini na jiwe au gogo la kuzuia tairi la nyuma. Jiwe likichelewa, lori na mzigo wake vinarudi kinyumenyume kwenye korongo. Baada ya jiwe ndiyo yanakuja mengine: kufunga turubai na kamba mpaka upepo wa Makambako usipate pa kuingilia, kugonga matairi kwa chuma na kusikiliza lipi limelia vibaya, kupaka grisi, kulala chini ya tela kulinda mzigo, kusonga ugali. Hiyo ilikuwa miaka, si wiki. Usukani aliuonjeshwa kwanza uwanjani wakati wa kushusha mzigo, baadaye kwenye maeneo tambarare, na mlima akapewa mwisho kabisa.

Anasema baba yake hakuwahi kukaa akamfundisha. Alikuwa akiongea tu, safari nzima, kama mtu anayejisemea. Mlima unauteremka kwa gia uliyoupandia. Ukinusa breki, umeshachelewa, tafuta pa kusimama. Mbele ya Mikumi usiku taa mbili ndogo karibu na ardhi si pikipiki. Kwenye mizani usibishane, shuka na karatasi mkononi.

Hapo kwenye breki nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapofia. Breki za lori lililojaa hazifi ghafla. Ukizikanyaga mfululizo mteremko mzima, zinapata moto na kupoteza mshiko. Ukizipampu ovyo, upepo kwenye matangi unakwisha haraka kuliko unavyojazwa. Dalili zinatangulia: harufu, mshale wa geji ya upepo unaoshuka, lori linalochelewa kuitika. Lori la ekseli saba na mzigo wake linaruhusiwa kufika tani 56 kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016. Mtu anayeliteremsha lori hilo Mlima Nyoka au Mbalizi anatakiwa awe amezinusa dalili hizo mara nyingi, akiwa ameketi kiti cha kushoto, huku mtu mwingine ndiye mwenye jukumu. Kuzijua siku ya kwanza akiwa peke yake ni kamari, na upande wa pili wa meza wameketi watu wa Mbeya wanaosubiri daladala.

Kuna pia lile la mafuta, ambalo matajiri wanalijua na madereva hawalisemi mbele ya wageni. Tajiri anapima mafuta ya safari kwa lita. Kinachobaki tangini dereva anakihesabu chake, atakiuza njiani. Ndiyo maana wengine huteremka na gia huru ili injini isile. Lori likiwa kwenye gia huru halina kitu kinacholishika isipokuwa hizo breki nilizozieleza. Mjomba hakatai kwamba alikuwa akiuza mafuta. Anakataa tu kwamba aliwahi kuyatafuta Kitonga.

Wala lori halikuwa la mwanamume peke yake, ingawa ndivyo linavyosimuliwa. Vitunguu vya nyumba ya Mjomba vilitoka Ruaha Mbuyuni, nyanya Ilula, viazi Makambako, mchele Mbarali, na vitenge Tunduma. Mke wa Mjomba alivipokea vyote, akavigawa, akaviuza. Hesabu za lori zilikaa kichwani mwake: posho ilikuwa kiasi gani, tairi limeliwa na nani, deni la utingo wa safari iliyopita. Nyumba wanayoishi leo imejengwa kwa vitenge. Posho ililiwa barabarani, na mshahara ulikuwa mdogo kiasi kwamba Mjomba hupata aibu kuutaja. Alipostaafu hakukuwa na mafao ya kufuatilia, maana matajiri aliowafanyia kazi hawakuwahi kumchangia.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mfanyakazi anayeajiriwa kufanya kazi ndani au nje ya nchi awe na mkataba wa maandishi. Inaweka pia kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki. Mwambie hayo dereva aliyepanga foleni mpakani Kasumbalesa, uone atakavyocheka.

Aprili 2015 madereva waligoma nchi nzima, Ubungo ikajaa moshi wa mabomu ya machozi. Kilichowachoma kilikuwa agizo la kurudi darasani kila wanapohuisha leseni, na kwa gharama zao wenyewe. Serikali ikarudi nyuma. Mei wakagoma tena, safari hii kelele kubwa ikiwa mikataba. Niliwaunga mkono wakati ule na ningewaunga mkono hata leo, lakini sikumbuki kusikia mtu yeyote, wa serikali au wa madereva, akilitaja neno utingo. Serikali iliamini udereva unapatikana kwenye dawati. Madereva walijua haupatikani hapo, ila hawakusema unapatikana wapi, pengine kwa sababu kwao ni jambo la kawaida mno kulisema. Na ukweli mchungu ni kwamba utingo naye alikuwa na madai, na wa kumdai wa kwanza angekuwa dereva aliyemchukua.

Binamu yangu, mtoto wa Mjomba, ni kizazi cha tatu. Alisafiri na baba yake kila likizo ya shule, kisha akasoma kwenye Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo, na sasa anapeleka salfa Kolwezi na kurudi na shaba. Lori lake linabadili gia lenyewe, na ndani kuna kiyoyozi ambacho babu yake asingekiamini. Kiti cha kushoto kina dumu la maji na begi la nguo. Tairi likipasuka Mikumi analipa vijana wa palepale wamsaidie, halafu analala akiwaza kama wameondoka kweli. Usingizi ukimpitia saa tisa usiku kuelekea Igawa, hakuna wa kumwambia "kaka, tusimame." Mabasi ya safari ndefu tumeyataka yawe na madereva wawili. Lori la mafuta linalopishana na basi hilo tumeliachia mtu mmoja na kamera, na kamera itatueleza vizuri sana alisinzia saa ngapi.

Yeye angalau aliwahi kukaa kiti kile. Wanaoajiriwa sasa baada yake wametoka kozini wakiwa na leseni daraja E, wameendesha magari madogo ya mizigo mjini, kisha wanapewa semi na hati za mzigo. Si wazembe. Hawajawahi tu kuiona Kitonga ikishushwa na mtu anayeijua.

Wiki iliyopita niliketi na tajiri mmoja mwenye malori kadhaa, mtu muungwana, nikamwuliza kwa nini aliwaondoa utingo. Alinipa sababu, na si za kijinga. Watu wawili njiani wanapanga wizi kirahisi kuliko mmoja. Utingo hana anwani. Akitoweka na betri, unamtafuta wapi? Kuna pasipoti na kadi ya homa ya manjano kwa kila kichwa kinachovuka. Na kuna kesi za wahamiaji wanaofichwa chini ya turubai, ambako polisi wakilikamata lori hawaulizi nani aliwapakia, wanalishikilia lori.

Lakini karibu yote hayo yanatokana na utingo kutojulikana, na aliyemfanya asijulikane ni huyuhuyu tajiri. Mwenye jina, picha, mkataba na mchango wa hifadhi ya jamii hatoweki kirahisi na betri. Mpe kitabu cha safari: njia aliyopita, aina ya lori, milima, hali ya hewa, saini ya dereva. Miaka miwili ya kitabu hicho iwe sharti la kukabidhiwa semi inayovuka mpaka, ikiambatana na darasa la chuo badala ya kugombana nalo. VETA tayari ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini. Sioni kwa nini utingo aachwe nje wakati fundi seremala yumo. Na dereva mkongwe anayemfundisha alipwe kwa kufundisha. Mjomba angelipwa hivyo miaka yake ya mwisho, asingekuwa leo anategemea vitenge.

Mjomba mwenyewe anaona naota. Kwake utingo mwenye mkataba atakataa kulala chini ya tela. Nimemwambia hilo ndilo mojawapo ya mambo ninayoyataka, akanyamaza, kisha akauliza mzigo utalindwa na nani.

Nikayapeleka yote kwa tajiri. Aliuliza pasipoti ya utingo italipwa na nani, nami nikamwuliza kichwa kimoja cha lori kikilala korongoni kinagharimu kiasi gani. Tulipiga hesabu mpaka chai ikapoa. Mwisho akasema bima ikikubali kumwandika utingo kwa bei ya kueleweka, yeye ataanza na malori matano. Nikamwambia nitaliandika hilo gazetini ili asije akalikana. Nimeliandika.