Deni Halingoji Ajira

Wahenga walinena kuwa dawa ya deni ni kulipa. Je, asiye na mshahara atalipa nini? Mzazi wa Rombo, Kajiado, huuza ng'ombe mwanawe akasome sayansi ya siasa. Karo iliyosalia hukopwa kwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995. Riba ni asilimia 4 kwa mwaka. Mwaka mmoja baada ya kuhitimu, deni hubisha hodi. Asiyelipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi.

Sisi tusomao Kiswahili na ualimu tuna foleni ndefu ya Tume ya Huduma ya Walimu. Mhitimu wa siasa hana hata foleni ya kupanga.

Sibezi taaluma hiyo. Taifa lisiloisoma siasa hutawaliwa na waifanyiao biashara. Najua pia kwamba marejesho ndiyo husomesha wanaofuata. Hata hivyo, Uingereza hudai mkopo pale tu mapato yafikiapo kiwango maalumu. Nasi tufuate mshahara, si kalenda. Kumtoza faini asiye na kazi ni kumkamua ng'ombe tasa.