Wanayokisingizia Kinyago cha Mmakonde

Uzushi unaoniumiza zaidi ndio unaosikika zaidi: kwamba vinyago vya shetani ni uchawi, na mcha Mungu hafai kuviweka nyumbani. Vinyago hivyo haviabudiwi na mtu, na mtindo wenyewe haujatimiza hata miaka mia. Ulichipuka Dar es Salaam katika miaka ya 1950, na anayetajwa kuuanzisha ni Samaki Likankoa, Mmakonde aliyetoka Msumbiji. Inasimuliwa kwamba sanamu yake ya mtu ilivunjika mkono. Badala ya kuitupa, akaendelea kuichonga hivyo hivyo, na kilichotoka hakikuwa tena mtu wa kawaida.

Kitazame kinyago cha aina hiyo kwa karibu. Jicho moja limetokeza, sikio limegeuka ziwa, tumbo ni uwazi unaopitisha mkono wako, na mguu wa huyu unaishia kinywani mwa yule. Ni kweli Wamakonde wana habari zao za mapepo wa porini, na wachongaji walichota humo. Lakini kuchonga kinachotisha si kukisujudia. Mtu anaweza kukitoa nje kilichomkaa moyoni, akakisimamisha mezani, akakikodolea macho.

Na ya kutoa yalikuwepo. Wengi wa wachongaji hao walivuka Mto Ruvuma kutoka uwanda wa Mueda, Msumbiji, wakikimbia kazi za shuruti na kilimo cha pamba cha lazima chini ya Wareno, wakaja kukata mkonge Tanganyika. Tarehe 16 Juni 1960, watu waliokusanyika Mueda kudai haki zao walimiminiwa risasi. Sidai kwamba kila shetani wa mpingo ni kumbukumbu ya siku ile. Ninachosema ni kwamba mikono iliyowachonga haikutoka rahani.

Wengine husema kinyago cha ujamaa ni siasa ya TANU iliyotiwa kwenye mti. Miaka inawakatalia. Azimio la Arusha ni la 1967, ilhali Yakobo Sangwani, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo huo, alikuwa akiuchonga tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Wenyewe waliuita dimongo, na kiini chake ni mshindi wa mieleka aliyebebwa juu na wenzake. Jina la ujamaa lilikuja baadaye, nalo likakubalika kwa sababu lilikuta watu wameshabebana. Gogo ni moja, halijaungwa popote: mzee, mama mwenye mtoto, mtwanga nafaka, kila mmoja kakanyaga bega la mwenziwe. Wa chini kabisa ndiye wa kuangaliwa. Shingo imekaza, mbavu zinahesabika, na bado hajapiga goti. Waliotengana na kwao ndio waliochonga ukoo usioachana.

Wapo pia wasemao kwamba vinyago hivi vilibuniwa kwa ajili ya watalii tu. Sibishi kwamba soko lilikuwepo. Mohamed Peera, mfanyabiashara wa Dar es Salaam, aliinunua kazi ya Samaki na kumtia moyo. Mchongaji naye ana watoto wa kulisha. Lakini ndonya mdomoni na chale usoni havikubuniwa kwa ajili ya mgeni; ni alama walizovaa mama zao, zikahamia kwenye mpingo huku zikitoweka kwenye ngozi. Utambulisho si jambo dogo kwa watu hawa. Wamakonde wa Kwale, Kenya, waliishi kwa vizazi bila vitambulisho, hadi walipotembea kwa miguu kwenda Nairobi mwaka 2016 kudai watambuliwe kuwa raia.

Linabaki dai linalokuja kwa sura ya sifa, nalo linapotosha vilevile: eti hii ni sanaa ya kale ya kabila, isiyo na mwenyewe. Ya kale ipo, ni barakoa za mapiko za ngoma za jando, nazo huchongwa kwa mti mwepesi. Sanamu za mpingo ni kazi mpya, na zina wenyewe. Kazi za mchongaji John Fundi zilionyeshwa Paris mwaka 1989 kwa jina lake. George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, anajulikana Ulaya na Japani kwa jina lake. Iweje basi kinyago kilichokula wiki nzima za tezo, patasi na msasa kiuzwe kwenye soko la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam, bila hata herufi moja ya aliyekichonga? Nafasi ya kuandika ipo, chini ya kitako. Mnunuzi aulize jina kabla ya kuuliza bei, na muuzaji aliandike.